Nalala kwa zamu

"Nalala kwa zamu na yeye."

Maneno hayo yaliandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye fomu ya kutembelea kaya, katikati ya Agosti. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA kama tunavyowaita, alikuwa amemuuliza mama mwenye nyumba kama kijana wake mgonjwa analala usiku. Mama akajibu hivyo. Mhudumu akaandika alichokisikia, neno kwa neno kama tulivyomfundisha, kwenye kisanduku cha "Usingizi wa mgonjwa". Siku nne baadaye fomu ikanifikia. Nikaisoma, nikaweka tiki, nikasaini, nikachukua inayofuata.

Januari niliitoa tena kwenye faili. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mama yule tulikuwa karibu kumzika.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuwafundisha na kuwasimamia WAJA katika kata za Moshi Vijijini. Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu wenye kazi kama yangu, Kilimanjaro au kwingine. Kata siitaji, zahanati siitaji, na mambo machache ya kaya nimeyageuza ili wenyewe wasitambulike. Makosa sikuyageuza.

Siku tano za Julai

Ukitaka kuelewa kwa nini tulikwenda kata ile, anza na nauli. Moshi mjini ina KCMC, hospitali ya kanda iliyofunguliwa 1971, na ina Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtu wa Majengo, mtaa wa hapo mjini, akiumwa kichwa chake, kwa maana zote mbili, anapanda daladala na kushuka karibu na geti. Mtu wa mlimani anaanza na bodaboda hadi kwenye lami, Sh 2,000, kisha Noah hadi stendi, Sh 1,000. Mgonjwa wa akili haendi kliniki peke yake, kwa hiyo hesabu watu wawili, kwenda na kurudi: Sh 12,000, kila mwezi, kabla hamjanywa hata chai. Hiyo ni mikungu ya ndizi iliyotoka shambani bila kupita kwenye sufuria. Dawa yenyewe ikiwepo hupewa bure. Njia ya kuifuata haikuwahi kuwa bure.

Daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, amesimulia hadharani kilichomsukuma kuanzisha huduma yake: binti aliyekuwa mgonjwa wake alijiua, na familia ilikuwa imeshindwa kumrudisha hospitali kwa kukosa nauli ya dola 15. Mwaka 2006 akaanza na akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, waliofundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza. Nilikuwa nawasimulia WAJA wangu habari hiyo siku ya kwanza ya kila mafunzo, na ukumbi unanyamaza. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mafunzo yetu ya Julai yalikuwa ya siku tano, kwenye ukumbi wa kanisa, WAJA 22. Wengi ni akina mama waliokwisha kuizoea kazi ya chanjo, lishe na wajawazito. Tulifuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaojulikana kama mhGAP, mpango ulioanza 2008 kwa hoja nyepesi: mahali pasipo na bingwa, mfundishe aliyepo. Kifafa kilichukua siku nzima. Saikosisi, yaani hali ambayo mtaani huitwa kuchanganyikiwa au kurukwa akili, ilichukua siku moja na nusu. Tulikuwa na picha, tulikuwa na igizo, na mzee mmoja aliyewahi kuugua akaja kusimulia mwenyewe. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ilipangiwa mchana wa siku ya nne. Mchana huo mgeni rasmi alichelewa, akaja saa tisa, akahutubia, wakapiga picha ya pamoja chini ya mjakaranda. Sonona ikapata dakika arobaini na karatasi ya kusomea nyumbani.

Sikumlaumu mgeni rasmi wakati ule na simlaumu sasa. Ningeweza kuirudisha asubuhi ya siku ya tano. Sikuirudisha kwa sababu asubuhi hiyo ilikuwa ya kujaza fomu, na fomu ndizo zinazoonwa wilayani.

Kijana

Kijana ana miaka 26, kitinda mimba wa nyumba ile. Baba alishafariki. Kaka zake wawili wako Dar es Salaam na mmoja Arusha. Yeye alikuwa Kariakoo akiuza viatu, akarudishwa na rafiki yake kwa basi, akiwa hajalala siku kadhaa na akisema redio ya jirani inataja jina lake. Walimpeleka kwenye maombi. Walimpeleka kwa mganga huko tambarare. Mwishowe akawekwa chumba cha uani, mlango ukifungwa kwa nje usiku.

Mhudumu wetu ni fundi cherehani, anakaa nyumba sita kutoka pale. Alijua habari hizo kama walivyojua wote, na aliniambia bila kuficha kwamba kabla ya Julai alikuwa akipita njia ya juu asikutane na kijana. Baada ya mafunzo alikwenda. Mama akatoa kigoda, akakifuta kwa ncha ya kanga, akasema, "Karibu mwanangu, usiogope, amelala." Mikono yake ilikuwa na weusi wa utomvu wa ndizi, ule usiotoka kwa sabuni. Alileta chai ya maziwa, akakaa kwenye gogo karibu na mlango wa chumba cha uani, mgongo ukiwa umeegemea ubao, na muda wote wa mazungumzo hakuuondoa.

Nayajua hayo yote kwa kuwa mhudumu aliyaona na akayakumbuka. Fomu haikuwa na mahali pa kuyaandika.

Matibabu ya kijana yalikwenda vizuri kuliko tulivyozoea. Tabibu wa kliniki ya mjini alimwanzishia haloperidoli, dawa ya saikosisi. Siku ya tatu shingo ilimkaza, ikageuka upande, macho yakapanda juu. Mama alijua jini limerudi. Mhudumu alijua ni dawa, kwa sababu alikumbuka picha ya somo la siku ya pili. Akanipigia simu, kijana akapelekwa, akapewa dawa ya kulegeza mkazo ule, na jioni wakarudi akiwa anatafuna muwa. Kwa tukio hilo tu ningesema mafunzo yalilipa. Familia nyingi huacha dawa siku hiyohiyo ya shingo kukaza, na ukirudi mwaka unaofuata unakuta mlango umewekwa kufuli kubwa zaidi.

Baadaye alihamishiwa sindano ya mwezi. Kufikia Novemba alikuwa anakata majani ya ng'ombe na kusafisha mfongo, mfereji wa shambani, maji yapite. Kwenye kikao cha robo mwaka nilikisimulia kisa chake, wakapiga makofi. Nilionyesha na picha ya mlango wa chumba cha uani ukiwa wazi. Sikumtaja mama isipokuwa kwa neno moja, msindikizaji.

Desemba

Msomaji asiye wa huku ajue kwamba Desemba mlimani si mwezi kama mingine. Wachaga walioko Dar, Mwanza, Mbeya na kwingineko wanarudi nyumbani, magari yanapanda usiku na mchana, mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe ya ndizi, inapikwa, na mambo yote ya ukoo yaliyosubiri mwaka mzima yanawekwa mezani. Kwa mila, kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, na nyumba iliyo ndani yake humwendea mtoto wa mwisho. Kwenye kaya hii mtoto wa mwisho ndiye huyu.

Kwa siku kumi hivi mama alihudumia watu kumi na wanne. Wanawe walimshukuru Mungu kwamba mdogo wao amepona, kisha wakaanza kuuliza kama aliyewahi kuumwa vile anaweza kushika kihamba. Hawakuuliza kwa ubaya. Walimuuliza mama jikoni, mmoja mmoja, akiwa anageuza nyama ya kisusio, na kila mmoja alitaka ajibu yeye. Mjomba mmoja alimwambia kijana kwamba mtu aliyepona hana haja ya sindano. Tarehe ya sindano ilikuwa 27 Desemba. Haikuchomwa. Tarehe 3 Januari gari la mwisho lilishuka. Nyumba ikabaki na watu wawili, na kijana akaanza tena kutembea usiku.

WAJA wetu hakuwa na safari nyingine ya kwenda pale Desemba. Ratiba ilisema kaya iliyotulia itembelewe mara moja kwa mwezi, na alikuwa amekwenda mwanzoni mwa mwezi.

Tarehe 9 Januari

Alikwenda kumwangalia kijana, akamkuta anapasua kuni. Alizungumza kidogo kuliko alivyozoea, lakini salama. Mhudumu akauliza, mama yuko wapi? Kijana akaonyesha kwa kidevu, migombani.

Mama alikuwa amekaa chini, kwenye majani makavu, panga likiwa pembeni na mkungu uliokatwa nusu ukining'inia. Saa nne asubuhi, na ng'ombe alikuwa analia njaa. Mhudumu akamwamkia shikamoo, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane mama hakuitikia. Akakaa naye. Aliniambia hakujua afanye nini, kwa hiyo alikaa tu, akawa anachambua majani. Baada ya muda mrefu mama akasema, "Mwanangu, nimechoka kuamka."

Hapa ndipo mhudumu alipofanya kitu ambacho dakika zetu arobaini hazikumfundisha vya kutosha. Kwenye mafunzo mmoja wa wenzake alikuwa ameuliza, nikishamuuliza mtu kama anataka kujiua, si nitakuwa nimempa wazo? Nilijibu upesi kwamba hapana, kuuliza hakupandi wazo, kunampa mtu nafasi ya kulisema lililokuwepo. Mwingine akauliza, na akisema ndiyo, si itabidi nimpeleke polisi? Swali hilo lina msingi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na huku watu wanakijua kifungu hicho kuliko wanavyoijua zahanati yao. Nikajibu kwamba wazo si jaribio, na mgonjwa anapelekwa hospitali. Ni majibu sahihi, ila niliyatoa huku nikitazama saa.

Mhudumu akauliza hivi: "Mama, kuna siku unaona ni afadhali usiwepo?" Mama hakujibu kwa mdomo. Aligeuza uso akatazama stoo ya pembeni ya nyumba. Kisha akasema, "Ile dawa ya kahawa ipo pale. Najua ilipo."

Mhudumu hakumwacha. Alimtuma mtoto wa jirani akamwite dada wa mama, anayekaa kitongoji cha pili. Dada alipofika, yeye akaingia stoo, akatoa kopo la dawa ya kunyunyizia kahawa, akalifunga kwenye mfuko wa rambo na kulipeleka kwa balozi wa nyumba kumi likafungiwe. Akarudi. Akamkatia ng'ombe majani. Saa kumi jioni ndipo aliponipigia, na neno la kwanza alilosema lilikuwa la kuomba radhi kwamba siku hiyo hakuzitembelea kaya tatu zilizobaki kwenye ratiba.

Zahanati

Kesho yake nilipanda mwenyewe. Tuliongozana na mama hadi zahanati, dakika hamsini kwa miguu. Foleni ilikuwa ya kawaida. Alipofika dirishani akaulizwa mgonjwa ni nani, naye akajibu kwa mazoea, "Ni mtoto, lakini leo amebaki." Wakampa karatasi ya kuchukulia dawa za kijana. Mhudumu akaingilia kati.

Tulimuuliza maswali tisa ya PHQ-9, kipimo cha sonona kinachoangalia wiki mbili zilizopita, kila swali kuanzia sifuri hadi tatu. Alifikisha 19 kati ya 27. Namba hiyo ni nzito, ila si ndiyo iliyoniumiza. Kwenye swali la usingizi alitutazama kama tunamtania. "Si niliwaambia? Nalala kwa zamu." Alimaanisha kijana akilala ndipo na yeye hujaribu kulala, na kijana akiamka yeye huamka akae karibu na mlango. Ilikuwa hivyo tangu kijana arudi kutoka Kariakoo. Alikuwa ametuambia Agosti.

Dawa ya sonona iliyokuwepo zahanati ni amitriptilini. Mganga mfawidhi, kwa nia njema, aliandika ya siku thelathini ili kumwokolea mama safari. Hapo nikakataa, na tukabishana kidogo pembeni. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo ni hatari kwa moyo. Ukimpa mtu aliyekuwa akitazama stoo jana dozi ya mwezi mzima, umemrudishia kopo kwa umbo lingine. Tukakubaliana dozi ya siku saba, itunzwe na dada yake, na mhudumu apite kila wiki. Kijana naye alichomwa sindano yake wiki hiyohiyo.

Fomu ilimwona, sisi hatukumwona

Nikilitazama kosa hili, kishawishi cha kwanza ni kusema mhudumu hakufundishwa sonona vya kutosha. Ni kweli, lakini haitoshi. Mtu aliyefundishwa sonona kwa siku tatu, akapewa fomu ile, angeandika jibu lile kwenye kisanduku kilekile.

Fomu yetu ina mgonjwa mmoja kwa kaya. Juu kuna jina la mgonjwa, chini kuna "jina la mwangalizi na namba ya simu". Mwangalizi anaulizwa habari za mgonjwa, na kwake mwenyewe fomu haitaki zaidi ya namba ya simu. Mtu akishaandikwa upande wa wanaojibu, hatumsikii tena kama mtu anayeweza kuumwa. Mhudumu alimwona mama ameegemea mlango. Nami nilisoma kwamba analala kwa zamu. Wote wawili tulikuwa na taarifa mkononi.

Kuna jambo la pili, na hili linanisumbua zaidi kwa sababu ni letu sote tunaofundisha. Tulikwenda kata ile kupunguza pengo kati ya wanaopata huduma na wasiopata. Pengo hilo tulilipima kwa barabara: juu na chini, lami na vumbi. Ndani ya nyumba kulikuwa na pengo lingine ambalo hatukulipima. Ugonjwa wenye kelele ulipata picha, igizo, siku moja na nusu ya mafunzo, nauli na makofi ya kikao. Ugonjwa uliokaa kimya ulipata kazi ya kuusindikiza ule wenye kelele. Kila mafanikio ya kijana yalipita mgongoni kwa mama: yeye ndiye aliyezikumbuka tarehe, aliuza ndizi za nauli, alikaa foleni, alikuwa macho. Mpango wetu ulimtumia kama barabara. Nilipozipitia fomu za nyuma za kaya nyingine nilikuta majibu ya aina hiyo, yameandikwa kwa uaminifu na kusainiwa na mimi. "Siku hizi naogopa simu." "Mimi nakula akishakula." Moja ilikuwa ya baba, maana si akina mama tu: "Nimeacha kwenda jumuiya."

Namba za wilaya zilisukuma huko huko. Kijana anayetembea barabarani akiongea peke yake anajulikana na mwenyekiti wa kitongoji, na akitulia kila mtu anaona. Mama anayepika, anayefagia, anayeitikia salamu, ukisema amepona utaonyesha nini?

Ubishi upo. Mwenzangu mmoja aliniambia WAJA wana kazi nyingi mno, chanjo, kifua kikuu, wajawazito, na sasa mnataka wamuulize kila mtu wa kaya kama analala. Ana hoja. Mpango wa taifa uliozinduliwa 31 Januari 2024 unalenga WAJA 137,294, wawili kwa kila kitongoji na mtaa wa Tanzania Bara, na kila idara tayari inapanga cha kuwabebesha. Siamini dawa ni kuongeza kurasa za fomu.

Ziara sita za usiku

Kilichomsaidia mama kiliyapita masomo yetu kwa mbali. Kwanza, alikataa katakata kuitwa mgonjwa. "Nyumba hii ina mgonjwa mmoja, inatosha." Hatukubishana. Nilikumbuka kazi ya Pakistan iliyochapishwa 2008, ambako wahudumu wa vijijini waliwasaidia akina mama wenye sonona wakiingilia mlango wa mtoto: mazungumzo yalihusu afya ya mtoto, na ndani yake kulikuwa na tiba ya mama. Baada ya miezi 6 wenye sonona walikuwa asilimia 23 kwa waliotembelewa hivyo, na 53 kwa wengine. Nasi tukaingilia mlango wa kijana. Mhudumu alikwenda "kwa ajili ya dawa za mdogo wetu", kisha akakaa.

Hakutumia neno sonona hata mara moja. Nililipigania neno hilo miaka mingi, ni zuri na lina heshima yake, lakini mlimani ni la redioni. Mama alisema "mawazo", alisema "moyo umekuwa mzito kama umebeba maji". Uganda, katika utafiti uliochapishwa 2003, walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe hali hiyo inaitwaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, la kujichukia na la kujihurumia, ndipo wakaunda vikundi vya tiba juu ya maneno hayo. Sisi tulianza na karatasi.

Kwa ziara sita mhudumu alifuata njia ya akina bibi wa Harare: orodhesha yanayokusumbua, chagua moja, tafuta hatua ndogo, rudi uone kama imewezekana. Nilidhani mama atachagua ugomvi wa kihamba. Alichagua usiku. Alitaka usiku mmoja kwa wiki alale mpaka jogoo awike asisikie.

Hilo lilishughulikika. Dada yake akachukua Ijumaa. Kijana mwenyewe, na hili hatukulitegemea, alisema kitasa cha nje kiondolewe kiwekwe cha ndani, yeye atafunga na atafungua, na akitoka usiku ataacha taa ikiwaka barazani ili mama ajue bila kuamka. Wakajaribu. Wiki ya kwanza mama hakulala, alikuwa akichungulia taa. Wiki ya tatu alilala hadi dada yake akaogopa, akaenda kumgusa. Ugomvi wa kihamba ulifika ziara ya tano, na mhudumu hakuushika. Alimwomba mama amchague mtu wa ukoo wa kuusema kwa niaba yake, akachagua shemeji mzee, ambaye aliwapigia simu vijana na kuwaambia mambo hayo ataulizwa yeye.

Mwezi wa nne alipata 7 kwenye PHQ-9. Swali la tisa, lile la kutaka kufa, alisema sifuri, kisha akaongeza kwamba kopo likae tu kwa balozi.

Tulichokibadilisha, na tulichoshindwa

Fomu haikuongezwa ukurasa. Tulifuta kisanduku kimoja kisichotumika na mahali pake tukaandika swali kwa mwangalizi: "Na wewe, mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini?" Akisema hakumbuki, mhudumu harudi mwezi ujao, anarudi wiki hiyohiyo. Sonona imehamia asubuhi ya siku ya pili, wakati watu wana akili na mgeni rasmi bado yuko ofisini. Igizo sasa lina watu watatu, mgonjwa, mwangalizi na mhudumu, na anayecheza mwangalizi ananong'onezwa siri ambayo mhudumu hajui.

Kikubwa zaidi ni kikao cha kila wiki mbili, ofisini kwa mtendaji wa kata, WAJA wakileta kaya moja iliyowakwaza. Hakuna posho. Nilidhani hawatakuja. Wanakuja kwa sababu nao wanabeba vitu vya kutua mahali. Mhudumu wa kisa hiki aliniambia mwezi Machi kwamba tangu Januari anaota kopo. Hilo nalo sikuwa nimemuuliza.

Tulichoshindwa ni nauli, ambayo ni ileile Sh 12,000. Kliniki ya kutembelea ilipandishwa mara mbili ikasimama kwa mafuta.

Julai iliyofuata tulimwomba mama aje kusimulia kwenye mafunzo mapya. Akasema yeye si mtu wa kusema. Lakini alikuja, na mkungu wa mshare kichwani, akakaa nyuma. Wakati wa igizo, mhudumu kijana alisimama mlangoni na fomu mkononi, akamuuliza mwangalizi: "Habari za hapa? Na wewe unalala vizuri?" Mwangalizi wa igizo akajibu, "Tunashukuru." Mama akacheka kule nyuma, akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia: "Akae kwanza, mwanangu. Mimi mtu akisimama mlangoni namwambia hatujambo."

WAJA wawili wa kitongoji kile wameshagawana siku, kuanzia 20 Desemba hadi 5 Januari. Sindano ya kijana inaangukia tarehe 23, na shemeji mzee ameshaambiwa.